Mtu wa machozi ya karibu: si ugonjwa, wala si uzembe

Karibu kila jamaa iko na mmoja. Mama anarudi kutoka soko, hajasema kitu, lakini mtoto huyo anajua tayari kama biashara haikutembea. Wazazi wakigombana chumbani, yeye ndiye anakosa usingizi. Wanamuita mtu wa machozi ya karibu, na akiwa kijana mwanaume wanamwambia: «Acha kulia, uko mwanamuke?»

Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuchunguza watu wa namna hii katika miaka ya 1990, na kitabu chake juu yao kilitoka 1996. Anakadiria kama katika watu 100, kati ya 15 na 20 wako hivyo. Kwake si ugonjwa, ni tabia ya kuzaliwa: akili inachambua kwa undani zaidi kila kinachoonekana na kusikika. Ndiyo maana kelele, ao neno moja kali, linawachokesha mbio.

Nguvu yao inatoka hapohapo. Mwalimu wa namna hii anatambua mwanafunzi aliyekuja bila kula. Muuguzi anasoma woga wa mgonjwa anayesema «niko muzuri». Ku kilio, watu wanamukimbilia, kwa sababu anasikiliza bila kuongeza maneno yake.

Lakini katika majimbo ya mashariki mzigo huo unapita kipimo. Habari za vita zinaingia ku simu asubuhi mpaka usiku. Anabeba za kwake, za jirani, na za mkimbizi aliyepokelewa nyumbani. Na yeye, nani anamusikiliza? Simu izimwe mbele ya kulala. Apewe hata nusu saa ya kukaa peke yake, bila kuambiwa anajitenga.

Jambo moja watu wanalichanganya. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ya Goma ikatetemeka siku kadhaa. Mtu aliyekuwa mtulivu, halafu tangu siku zile anashtuka kila lori inapopita, anaota yaleyale, hafanyi tena kazi, huyo si tabia ya kuzaliwa. Ana kidonda cha roho, na dawa yake si kumwambia ajikaze. Apelekwe ku kituo cha afya, aulize mshauri wa kisaikolojia.

Mtoto wa machozi ya karibu, yeye, mara nyingi anangojea tu swali moja: «Umeona nini?»