"Kuboresha" au "Kubadilisha"? Istilahi za Reli ya Mafuta katika Gari la Mashindano

Mfasiri wa vitabu vya ufundi wa magari hukutana mara nyingi na swali hili: je, mwenye gari la mashindano aondoe reli za mafuta zilizotoka kiwandani na kuweka nyingine zilizo nene zaidi? Mwandishi wa Kiingereza hulitaja tendo hilo kwa kitenzi chenye maana ya kupandisha hadhi, na mfasiri wetu, akiwa na haraka, huandika "kuboresha reli za mafuta". Hapo ndipo penye kasoro. Ndani ya kitenzi hicho limo neno "bora", na kwa sababu hiyo swali limekwisha kujibiwa kabla halijaulizwa. Msomaji akiulizwa kama ni vema kufanya kitu kiwe bora, atajibu nini ila ndiyo?

Ili tupate kulipima neno, hapana budi tukijue kwanza kitu chenyewe. Injini ya petroli isiyotumia kabureta hupata mafuta yake kwa njia ya nozeli, au "nozo" kama wasemavyo mafundi wengi. Pampu iliyomo ndani ya tangi husukuma petroli kupitia kwenye chujio, hata ikafika katika bomba fupi lililolazwa kandokando ya injini. Nozeli za upande huo zote zimechomekwa katika bomba hilo, na kila moja hufunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta ya gari. Bomba hilo ndilo reli ya mafuta. Katika magari mengi yanayopulizia mafuta kwenye mlango wa hewa wa silinda, kidhibiti huweka kanieneo ya petroli juu ya ile ya hewa iingiayo kwa kiasi cha kilopaskali 300, yaani takriban mara 3 ya kanieneo ya angahewa. (Tumetumia "kanieneo" kwa kuwa walimu wa fizikia wamekwisha kulizoea, tunajua kwamba fundi atasema "presha", wala hatumlaumu.)

Jina "reli" limetokana na umbo la kitu, si kazi yake. Ni chuma kirefu kilichonyooka, basi. Mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza huwaza garimoshi, na hawezi kukisia kwamba ndani yake mna petroli iliyobanwa. Je, tuseme "bomba la mafuta"? La hasha. Jina hilo limekwisha kuchukuliwa na mabomba makubwa kama lile la TAZAMA, litokalo Dar es Salaam hadi Ndola. Isitoshe, "bomba" humfanya msomaji afikirie kitu cha kupitishia tu, na kitu cha kupitishia kikiwa kipana zaidi huonekana chafaa zaidi. Lakini reli ya mafuta, kwa kazi yake, iko karibu zaidi na hori la kulishia ng'ombe: chakula hutiwa kwa upande mmoja, na wanyama waliopangwa mstari hula wote kwa pamoja. Sifa ya hori ni kwamba ng'ombe wa mwisho apate sawa na wa kwanza. Hata hivyo hatupendekezi "hori la mafuta" liwe istilahi. Hori liko wazi juu, na reli imefungwa kabisa. Tena neno "reli" limekwisha kukaa katika vinywa vya mafundi, hasa wale wa dizeli. Mwalimu na alitumie hori kwa kufafanulia, na kamusi ibaki na "reli ya mafuta".

Sasa tuliangalie swali lenyewe kwa hesabu. Tuchukue injini yenye tabochaja na nguvu za farasi 300. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huweza kula petroli kiasi cha lita 110 kwa saa, yaani sentimita za ujazo 30 hivi kwa sekunde. Reli yenye tundu la milimita 10 ina eneo la karibu sentimita ya mraba 0.8. Kwa hiyo mafuta hayo hupita humo kwa mwendo wa sentimita 40 kwa sekunde, ambao ni polepole kuliko mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Hata pampu ya lita 255 kwa saa ikisukuma yote kupitia tundu hilo moja, mwendo haufiki mita 1 kwa sekunde. Ni dhahiri kwamba dhiki, kama ipo, haiko hapo. Itafutwe katika pampu iliyochoka, waya mwembamba unaoipunguzia pampu umeme, chujio lililoziba, viungio vyembamba, au nozeli zenyewe.

Hata hivyo zipo sababu za kweli za kubadilisha reli. Mfano mzuri ni Subaru Impreza, gari ambalo wasomaji wetu wanalijua: lilishinda Safari Rally mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns, na ndugu zake waliotumika Japani wanaonekana katika barabara zetu. Silinda zake 4 zimelala pande mbili, kwa hiyo reli ni mbili. Magari ya aina ya STI yaliyouzwa Marekani kati ya 2004 na 2006 yalikuwa na nozeli zinazopokea mafuta ubavuni. Mwenye gari akitaka kuweka nozeli kubwa zinazopokea mafuta kichwani, reli ya zamani haizikubali, na hapo hana hiari ila kuibadilisha. Sababu ya pili ni mapigo. Kila nozeli ifungukapo na kufunga hutuma wimbi ndani ya reli. Nozeli zikiwa kubwa sana na injini ikizunguka kwa kasi, mawimbi hayo huweza kuifanya silinda moja ipate mafuta pungufu, na reli yenye ujazo mkubwa huyapunguza. Anayetumia mafuta yenye ethanoli nyingi pia huhitaji ujazo mkubwa zaidi, kiasi cha asilimia 30 hadi 40 juu ya petroli.

Jambo hili si la mzaha. Mafuta yanayopita katika nozeli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya kanieneo: tofauti hiyo ikipungua kwa asilimia 20, mafuta hupungua kwa karibu asilimia 11, na kwa injini iliyosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake kiasi hicho chatosha kuyeyusha pistoni. Kwa upande mwingine, kila kiungio kipya ni mahali petroli inapoweza kuvujia juu ya chuma cha moto. Aliyeambiwa "aboreshe" huweza kununua hatari hiyo bila kupata faida yoyote.

Basi twapendekeza hivi. Pale ambapo kitabu kinauliza kama jambo lifanywe, mfasiri aandike "kubadilisha". Pale ambapo tundu au ujazo unaongezwa, aandike "kupanua", maana hilo laweza kupimwa kwa rula. "Kuboresha" litumiwe baada ya kipimo tu: fundi amefunga geji ya kanieneo kwenye reli, gari limeendeshwa kwa nguvu zote, kanieneo imeonekana kushuka pampu ikiwa nzima, na baada ya reli mpya haikushuka tena. Kwa mfano: "Kabla ya kubadilisha reli, pima kanieneo injini ikiwa na mzigo." Wanaotafsiri matangazo ya wauza vipuri watapata taabu zaidi, kwa kuwa tangazo hutaka hasa neno lenye "bora" ndani yake, huko mfasiri ataje kipimo cha tundu kwa milimita, na sifa amwachie muuzaji mwenyewe.