Ndoo Kwanza, Skeiti Baadaye

Chini ya daraja la Burnside, jijini Portland, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kuna kiwanja cha skeiti ambacho hakikuchorwa na halmashauri wala kutangaziwa zabuni. Mwishoni mwa Oktoba 1990 vijana wachache walikoroga zege, wakalimwaga kwenye pembe ya ukuta wa daraja ili wapate kimteremko cha kupandia na mbao zao za magurudumu. Kibali hawakuomba. Portland ni mji wa mvua, na skeiti na maji haviivi chungu kimoja: beringi hushika kutu, ubao huvimba, magurudumu huteleza. Daraja lilikuwa paa la bure. Chini yake palikuwa jaa na maficho ya wauza unga, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuzoa uchafu. Zege likafuata.

Kimteremko hicho kikazaa cha pili, cha pili kikazaa bakuli la kuzungukia, na kilichojengwa vibaya kikavunjwa na kujengwa upya. Wenye biashara za jirani walipoona uhalifu umepungua wakasimama upande wa vijana, na baadaye jiji likakubali kiwanja kibaki. Kiliingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Tony Hawk's Pro Skater wa mwaka 1999, na mwaka 2007 mwongozaji Gus Van Sant alikitumia katika filamu yake ya Paranoid Park. Umaarufu wote huo haukusimamisha mwiko wa mwashi. Miaka zaidi ya 30 imepita, na bado wanabomoa, wanaziba, wanaongeza.

Anayewatazama watu hawa kwa mbali huona kuruka, kuanguka na kelele za magurudumu, akadhani ameshaujua utamaduni wao. Hayo anaweza kuyafanya mtu yeyote peke yake kwenye maegesho ya magari. Kinachowafunga pamoja wakawa jamii yenye wazee, vijana, miiko na kumbukumbu ni kazi ya kukitunza kiwanja, na hasa kukikarabati kinapochakaa. Hapo ndipo mgeni anapokuwa mwenyeji.

Tabia hii ina chimbuko. Skeiti ilianza California miaka ya 1950, watoto wakipigilia magurudumu ya viatu vya kutelezea kwenye vipande vya mbao. Miaka ya 1970 yakaja magurudumu ya plastiki ya urithani, laini kuliko yale ya chuma na ya udongo, yanayoshika chini bila kuteleza. Ukame wa mwaka 1976 na 1977 ukaacha mabwawa mengi ya kuogelea California bila maji, na vijana wakajifunza kupanda kuta zake za mviringo. Wafanyabiashara wakanusa faida, wakajenga viwanja vya kulipia kiingilio. Kisha gharama za bima zikapanda, wateja wakapungua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vya Marekani vilikuwa vimefukiwa au kusawazishwa kwa tingatinga. Vichache vilinusurika. Nchini Uingereza, kiwanja cha Rom kilichofunguliwa mwaka 1978 huko Hornchurch, pembezoni mwa London, kiliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya majengo ya urithi yanayolindwa na sheria. Kizazi kilichoshuhudia viwanja vyake vikifukiwa kilijifunza kwamba alichokujengea mwenzio, mwenzio ana uwezo wa kukivunja.

Mwaka 1997 California ilipitisha sheria iliyozipunguzia halmashauri hofu ya kushtakiwa pale mtu anapoumia akiendesha skeiti, na viwanja vya umma vikaanza kuota mji hadi mji. Si vyote vilivyojengwa na watu wanaojua gurudumu linataka nini. Miji mingi ilinunua majukwaa ya chuma na mbao yaliyo tayari, ikayafunga kwa skrubu juu ya uwanja wa lami uliokuwa wa tenisi, ikakata utepe na kuondoka. Baada ya misimu michache skrubu zimechomoza, mbao zimeoza, na pale jukwaa linapokutana na lami pameachia mwanya. Halmashauri huweka uzio na bango la kukataza watu kuingia. Vijana huruka uzio wakiwa na bisibisi.

Philadelphia ni mfano mzuri. Mwaka 1996 jiji hilo liliwawekea vijana vizuizi vichache chini ya barabara kuu ya I-95, ndani ya bustani ya FDR, likitumaini kwamba wataacha kukusanyika LOVE Park katikati ya mji. Wenyewe waliviona si chochote si lolote. Badala ya kususa, wakaleta mifuko ya saruji na kuanza kujenga kuvizunguka, mwaka hadi mwaka, mpaka kazi yao ikawa ndiyo kiwanja na ile ya jiji ikabaki historia.

Kazi yenyewe ina ufundi wake. Chukua ufa mmoja tu. Gurudumu la skeiti lina kipenyo cha milimita hamsini na kitu, nalo ni gumu. Ufa wa kuingia kidole unatosha kulisimamisha ghafla huku mwili ukiendelea na safari. Kwa hiyo ufa haupakwi saruji juu juu. Kwanza hupanuliwa kwa tindo na nyundo mpaka zege bovu lote litoke na kingo zisimame wima, maana kiraka kinachoishia kwa ukingo mwembamba kama karatasi humeguka mara magurudumu yanapoanza kukipiga. Vumbi husuguliwa kwa brashi ya waya na kufagiliwa nje. Kisha shimo huloweshwa, na maji yanayotuama hufutwa kwa kitambaa, kwa sababu zege kuukuu likiachwa kavu hunyonya maji ya lile jipya na kulifanya lipukutike. Hupakwa uji wa saruji ili vishikane, ndipo mchanganyiko mzito unaposhindiliwa ndani.

Kwenye ukuta wa mviringo fundi hatumii rula ya kawaida. Hutumia ubao uliokatwa kwa mpindo uleule wa ukuta, akauburuta kutoka chini kwenda juu ili kiraka kisitokeze wala kuzama. Mwisho hupigwa niru: mwiko wa chuma hupitishwa tena na tena zege linapoanza kukaza. Ukiwahi, unavuta maji juu na uso unakuwa dhaifu. Ukichelewa, zege halikusikii tena. Baada ya hapo kiraka hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiliwa takriban siku saba. Hizo siku saba ndizo jaribu kubwa kuliko kubeba mifuko, kwani kiwanja kizima kinakitamani kile kipande kipya na hakuna anayeruhusiwa kukikanyaga. Kuna njia ya mkato pia: bodi fila ya mafundi wa kunyoosha magari. Hukauka upesi, husuguliwa kwa msasa, na jioni hiyohiyo watu wanapita juu yake. Wazoefu huitumia huku wakijua kwamba wamekopa muda, na deni litarudi.

Katika siku kama hizo ndimo adabu za jamii hii zinamorithishwa, na aghalabu bila hotuba. Ufagio huwa umeegemezwa mahali panapoonekana. Anayefika mapema hufagia, kwa sababu kokoto moja inaweza kumvunja mtu mkono. Mvua ikinyesha, maji husukumwa kwa vifuta sakafu na mataulo makuukuu, na kutoa taulo ni kazi kama kazi nyingine. Kwenye bakuli hakuna foleni, ila zamu ipo. Watu husimama ukingoni, hutazamana machoni, na kila mmoja anajua nani anafuata. Anayejichomeka mbele ya mwenzake huonywa mara moja kwa mdomo, na akirudia atajikuta hakuna anayempisha. Kupaka nta ya mshumaa kwenye ukingo ili ubao uteleze vizuri ni jambo la kuuliza kwanza, kwani nta inayomfaa mmoja humwangusha mwingine. Mtu akifaulu kitu alichokihangaikia, wenzake hugonga mbao zao chini, au kwenye ukingo wa bakuli. Watoto wanaojifunza hugongewa sawa na mabingwa.

Zege bichi huandikwa mwaka, na kuta huandikwa majina ya wenzao waliotangulia mbele ya haki. Kwa namna hiyo kiwanja kinakuwa daftari la jamii. Mzee wa miaka hamsini anaweza kumwonyesha kijana wa kumi na miwili kiraka fulani na kumweleza nani alikipiga, kwa nini kilipasuka mara ya kwanza, na nani alivunjika kifundo cha mguu pale kabla hakijazibwa.

Lakini mila hii ina makali yake pia. Watu waliojenga kwa jasho lao huwa wepesi wa kuwatazama wengine kwa jicho la shaka. Burnside ilipata sifa ya kuwa mahali mgeni anapokaribishwa kwa maneno makali. Wasichana kwa miaka mingi wamebanwa pembezoni mwa viwanja vingi, wakisubiri zamu isiyofika. Dai la kwamba tulijenga sisi linaweza kuwa ngao dhidi ya tingatinga, na linaweza pia kuwa fimbo ya kumfukuzia mtoto wa jirani. Hata hivyo, dawa ya ugonjwa huu imo ndani ya mila hiyohiyo. Siku ya kuendesha, anayejua zaidi ndiye mkubwa. Siku ya ukarabati ndoo haiulizi kama unajua kuruka. Binti aliyeshika skeiti kwa mara ya kwanza wiki iliyopita anaweza kuchekecha mchanga, kumwagilia magunia na kuvuta kamba ya kupimia, na jioni jasho lake lina thamani ileile. Waendesha baiskeli wa njia za udongo, ndugu wa karibu wa watu hawa, wameifanya kuwa sheria: asiyechimba haendeshi. Sheria hiyo inasikika kali, lakini ni ya haki kuliko ile ya kuangalia nani ni rafiki wa nani, kwa kuwa kila mwenye mikono anaweza kuitimiza.

Afrika Mashariki tunalo jambo hili karibu. Mwaka 2006, Kitintale, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa mashariki wa Kampala, vijana na marafiki zao walijenga kwa mikono kiwanja kidogo cha zege katikati ya nyumba, cha kwanza Uganda. Mpigapicha wa Uswisi Yann Gross alikitangaza duniani kwa picha zake. Mbao zilikuwa chache kuliko watoto, kwa hiyo zamu pale haikuwa ya kuingia bakulini tu. Ilikuwa pia zamu ya skeiti yenyewe. Kwa majirani zao kazi ya namna ile haikuwa ngeni kabisa. Buganda ina desturi kongwe ya bulungi bwansi, watu kutoka pamoja kusafisha barabara na visima kwa faida ya wote. Wanyarwanda wana umuganda, na Tanzania tunajua msaragambo. Kilichokuwa kigeni ni umbo la zege, maana hakuna aliyewahi kuona ukuta unaopinda kwenda juu bila kubeba nyumba. Nairobi nako, mwaka 2013, kituo cha watoto cha Shangilia kilipata kiwanja chake kwa msaada wa shirika la Ujerumani la skate-aid.

Mazingira yetu yana adui zake. Hatuna barafu ya kupasua zege kama Portland, lakini mvua za masika hupita chini ya sakafu, hubeba udongo na kuliacha zege likining'inia hewani mpaka livunjike kwa uzito wake. Kwa hiyo ukarabati wa maana huku huanzia nje ya kiwanja, kwenye mifereji. Fedha za wahisani hupenda siku ya ufunguzi, yenye picha na fulana mpya. Mwaka wa saba, mfereji unapoziba, hauna mgeni rasmi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kiwanja kisicho na watu waliozoea kuziba nyufa zake kitasubiri mfadhili wa kuujenga.

Hili halina maana kwamba serikali na taasisi zikae mbali. London, chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, kuna eneo ambalo vijana wameliendeshea skeiti tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 wasimamizi wa jengo walitangaza mpango wa kuligeuza kuwa maduka. Waendeshaji wakaanzisha kampeni ya Long Live Southbank, mwaka uliofuata pande mbili zikatia saini makubaliano ya kuliacha, na mwaka 2019 sehemu iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi ilikarabatiwa na kufunguliwa tena. Fedha zilichangwa, wataalamu wakafanya kazi yao, na waliolipigania eneo wakawa na kauli juu ya kila mteremko uliorudishwa.

Mji wowote unaotaka kufufua kiwanja chake kilichochakaa uanze kwa kuuliza nani hukifagia. Watu hao wapo hata pale penye uzio na bango, na mara nyingi ndio walewale wanaoitwa wahuni kwenye vikao. Wapewe saruji, bomba la maji na mhandisi wa kuwakagulia nondo na mifereji, kisha wawekewe sharti moja: siku ya kazi isimfungie mlango yeyote anayekuja na ndoo. Viraka vyao vya kwanza pengine vitapasuka. Watajua wenyewe kwa nini, na watarudi na tindo.