Je, Wajua? Mzee wa Mazoezi ya Makaburini

Ed Whitlock, mhandisi mstaafu wa Kanada, ndiye mtu wa kwanza mwenye miaka zaidi ya 70 kumaliza mbio za marathoni, kilomita 42.195, chini ya saa 3. Ilikuwa 2003, naye akiwa na miaka 72. Mwaka uliofuata akapunguza tena muda wake: saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Kocha hakuwa naye. Alizunguka tu makaburi yaliyo jirani na kwake mjini Milton, polepole, hata saa 3 mfululizo, miguuni viatu vikuukuu. Na mazoezi yenyewe, ajabu, hakuyapenda! Alipenda mashindano. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 3, dakika 56 na sekunde 34.