James Harrison: Jamaa Aliyekataliwa na Timu Zote 32 za NFL, Akarudi Kuwa Jinamizi la Kila Kwotabeki

Hebu fikiria umetuma maombi ya kazi kwa kampuni 32 na zote zimekukaushia. Moja inakuonea huruma, inakuita, halafu inakufuta. Inakuita tena, inakufuta tena. Kampuni nyingine inakuchukua, inakutuma ughaibuni ukajaribiwe huko, kisha nayo inakuachilia. Miaka minne baadaye, wewe ndiye mfanyakazi bora wa mwaka kwa sekta nzima.

Hiyo si filamu, buda. Hiyo ni CV ya James Harrison, lainibeka wa Pittsburgh Steelers. Na kama uko mtaani saa hii umechoka kuambiwa "tutakupigia", stori ya huyu msee inakuhusu. Lakini si kwa ile njia ya "usikate tamaa" unayoiona kila siku nyuma ya matatu. Kuna kitu kingine ndani yake.

Kwanza tuelewane: huu mchezo unaendaje?

Kama wewe ni wa EPL, usitoroke. Futiboli ya Wamarekani huchezwa kwenye uwanja wa yadi 100. Timu moja inasukuma mpira hadi mwisho wa uwanja, nyingine inazuia. Anayeendesha mashambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye dereva: anapokea mpira, anaangalia nani yuko wazi, anarusha. Kazi ya Harrison ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: mfikie huyo dereva kabla hajarusha, umlaze chini. Hiyo ndiyo wanaita saki.

Sasa, kuingia NFL kuna mlango mkubwa unaoitwa drafti. Kila mwaka timu 32 zinapokezana kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, raundi 7. Ukichaguliwa mapema, doh ni ya kutosha na timu inakuvumilia hata ukiboronga, kwa sababu ishakuwekea pesa. Mwaka wa 2002, wa kwanza kuitwa alikuwa kwotabeki David Carr, aliyeenda Houston Texans. Baada yake yakasomwa majina mengine zaidi ya 250.

La Harrison halikuwepo.

Ukikosa kuitwa, bado timu inaweza kukusajili kwa bei ya kutupa ukajaribiwe kambini. Lakini elewa hesabu: siku hizi kambi ya NFL inaanza na watu 90 na wanaobaki ni 53. Aliyekosa drafti ndiye wa kwanza kuangaliwa siku ya kukata watu, maana kumfukuza hakuumizi mfuko wa mtu yeyote.

Kwa nini walimkataa?

Harrison alizaliwa 1978 huko Akron, Ohio, mji ule ule aliozaliwa LeBron James. Yeye ni kitinda mimba wa watoto 14. Akiwa shule ya upili alikuwa na kipaji, lakini pia alikuwa na vichwa ngumu, na matokeo yake ya mtihani hayakumsaidia. Vyuo vikubwa vikajitoa polepole. Akaishia Kent State, chuo ambacho hakiko kwenye midomo ya watu, na aliingia timu bila hata udhamini wa masomo.

Pale chuoni alikuwa moto. Shida ni kwamba NFL wakati ule walikuwa wanapima watu kama fundi anavyopima mbao. Harrison alikuwa na futi 6 hivi. Kwa macho ya wapimaji, alikuwa mfupi mno kuwa lainibeka wa pembeni, na mwepesi mno kushindana na yale majitu ya mstari wa mbele. Wakamwona hafai huku wala kule.

Ukisikia stori ikisimuliwa mtandaoni, inaishia hapo: walimdharau kwa sababu ya urefu, akawaonyesha. Inaleta raha, lakini ni nusu ya ukweli.

Sababu iliyomfanya afutwe kila saa

Steelers walimsajili 2002, na kati ya hapo na 2003 wakawa wanamfuta na kumrudisha, mara yuko kwa kikosi cha mazoezi, mara yuko nje kabisa. Urefu haukuwa umebadilika. Kilichokuwa kinamwangusha ni kwamba hakuwa anajua kitabu cha mbinu.

Kila timu ya NFL ina kitabu kinene cha mbinu. Kila mchezo una jina, na kila mchezaji ana mahali pa kuwa na mtu wa kumwangalia. Ulinzi wa Steelers ulikuwa mgumu kuliko nyingi, kwa sababu uliishi kwa hila: huyu anajifanya anakuja kumbe anarudi nyuma, yule anajifanya analala kumbe ndiye anayekuja. Msee mmoja akikosea hatua, timu nzima inaaibika.

Waliokuwa naye wanasimulia kwamba katika siku zile za mwanzo, Harrison akichanganyikiwa katikati ya mazoezi alikuwa anasimama tu, anainua mikono na kuwaambia makocha wamtoe. Nguvu za trekta zilikuwepo, lakini dereva hakuwa anajua njia.

Mapema 2004 Baltimore Ravens, mahasimu wa jadi wa Steelers, wakamchukua. Wakamtuma Ujerumani kuchezea Rhein Fire katika NFL Europe, ile ligi ndogo iliyokuwa ya kulea vijana na watu waliosahaulika. Akarudi, na Ravens nao wakamwachilia. Akiwa na miaka 26, alikuwa ashaanza kufikiria kuachana na mpira akaendeshe malori kama babake.

Mkono wa mtu mwingine

Kiangazi hicho cha 2004, lainibeka wa Steelers, Clark Haggans, akaumia mkono akinyanyua vyuma. Kambi ilikuwa karibu na timu ilihitaji mtu haraka. Nani yuko karibu, ni rahisi, na ashawahi kuona kile kitabu? Harrison akapigiwa simu.

Tofauti ya safari hii ni moja: alikuja amesoma. Alikaa na ule mfumo hadi ukaingia kichwani. Hakuongeza hata inchi moja ya urefu, ila sasa alijua anafaa kuwa wapi na kwa nini.

Novemba mwaka huo, Steelers walikuwa Cleveland. Kabla mechi ianze, staa wao Joey Porter akazozana na William Green wa Browns, wakarushiana ngumi na wote wakatupwa nje hata kabla ya filimbi. Harrison akaanza mechi yake ya kwanza NFL bila hata kuota kwamba siku hiyo ingekuwa yake. Akacheza kama mtu aliyekuwa akingoja foleni miaka miwili na nusu, na hawakumfuta tena kwa miaka mingi.

Mkesha wa Krismasi 2005, uwanja ule ule wa Cleveland, shabiki mmoja mlevi wa vituko akaruka ndani ya uwanja mechi ikiendelea. Harrison akamnyanyua na kumbwaga chini kama gunia la viazi, akamshikilia hadi walinzi wakafika. Wengi walijua jina lake siku hiyo. Msimu huo Steelers wakabeba Super Bowl, naye akiwa bado ni mtu wa akiba.

Kisha akalipuka

2007 Steelers wakamwachilia Porter na namba ikawa ya Harrison. Tarehe 5 Novemba mwaka huo, usiku wa Jumatatu, Amerika yote ikitazama, wakaja Ravens. Ndio, wale wale waliomtuma Ujerumani na kumfuta. Harrison akapiga saki 3.5 (ile nusu ni ya kugawana na mwenzako), akawapokonya mpira mara 3, na juu yake akanyaka pasi. Mambo yakaisha 38-7.

Msimu wa 2008 ndio ukafunga mjadala. Saki 16, rekodi ya Steelers kwa msimu mmoja wakati huo, na mara 7 akawaangushisha mpira wapinzani. Akachaguliwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa NFL nzima. Hakuna aliyekosa drafti aliyewahi kushinda hiyo tuzo kabla yake.

Yadi 100 za Tampa

Tarehe 1 Februari 2009, Super Bowl, Tampa. Steelers dhidi ya Arizona Cardinals. Zimebaki sekunde 18 nusu ya kwanza iishe. Steelers wako mbele 10-7, lakini Cardinals wako mlangoni kabisa, yadi moja hivi kufunga. Kila mtu anajua wanafunga hapa.

Mbinu iliyoitwa ilimtaka Harrison amkimbilie kwotabeki Kurt Warner. Akaanza kwenda mbele, halafu akasita. Alisoma kwamba kwa hali ile Warner angerusha haraka, pasi fupi ya ndani. Kwa hivyo akajifanya anakuja, kisha akateleza nyuma na kujificha kwenye njia ya pasi. Warner hakumwona. Mpira ukatua kwenye mikono ya Harrison.

Jamaa wa kilo zaidi ya 100 akaanza kukimbia. Wenzake wakawa wanamfungulia barabara kama msafara wa mheshimiwa. Saa ya nusu ya kwanza ikaisha yeye bado anakimbia. Larry Fitzgerald akamkamata mwishoni kabisa, lakini Harrison akaanguka ndani ya eneo la kufunga. Yadi 100, tachidauni, 17-7. Akabaki amelala pale hana pumzi, na pembeni ya uwanja akawekewa oksijeni. Steelers walishinda 27-23.

Rudi kidogo hapo. Huyu ndiye yule msee aliyekuwa anainua mikono kwa sababu hajui aende wapi. Sasa, kwenye mechi kubwa kuliko zote, anaujua mfumo hadi anajua ni lini wa kuuvunja.

Na ngoja nikuongezee utamu: Warner naye hakuitwa kwenye drafti. Green Bay Packers walimfuta 1994, akaenda kupanga bidhaa usiku kwenye rafu za supamaketi huko Iowa, kisha naye akapitia NFL Europe, kule Amsterdam, kabla hajawa bingwa na staa. Pasi maarufu zaidi ya usiku ule ilirushwa na mtu aliyekataliwa, ikanyakwa na mtu aliyekataliwa.

Haikuishia hapo. Super Bowl ya Februari 2015, Malcolm Butler wa New England Patriots akanyaka pasi ya Seattle mlangoni, sekunde za mwisho, na kuokoa kombe. Butler pia alikosa drafti, na aliwahi kuuza kuku pale Popeyes.

Bei yake

Tusimpake rangi ya malaika. Harrison alipiga watu kwa nguvu iliyowatia hofu hata wakubwa wa ligi. 2010, wakati NFL ilianza kuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu majeraha ya kichwa, alipigwa faini ya dola 75,000 kwa kumgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland. Desemba 2011 alimgonga kwotabeki Colt McCoy helmeti kwa helmeti na akafungiwa mechi moja. Yeye aliona anaonewa. Lakini waliogongwa pia wana vichwa, na futiboli hadi leo inajiuliza maswali kuhusu wachezaji waliostaafu na akili zilizoumia.

Mwisho wake pia haukuwa wa harusi. 2013 alikuwa Cincinnati Bengals. Septemba 2014 alitangaza kustaafu, na kabla mwezi uishe Steelers wakampigia tena kwa sababu kuna mtu ameumia. Unaona hiyo simu inavyojirudia? 2016 akavunja rekodi ya saki za timu, na mwishowe akaifikisha 80.5, hadi T.J. Watt alipompita 2023. Desemba 2017 Steelers wakamfuta mara ya mwisho, akiwa na miaka 39. Siku chache baadaye akasaini na Patriots, akacheza Super Bowl nyingine, wakapoteza kwa Philadelphia Eagles. Akastaafu 2018.

Na sisi huku?

Mlango huu wa nyuma si wa Wamarekani peke yao. Mwaka ule ule wa 2013, Indianapolis Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwa amewahi kucheza futiboli ya Marekani. Wakamfanya lainibeka, na akagusa uwanja wa NFL. 2015 safari ikaisha. Mwili ulikuwa tayari siku ya kwanza. Kujifunza mchezo mzima ukubwani, huku saa ya kukata watu inakimbia, ni vita vingine, na wengi wanaopita mlango huo hawabaki ndani.

Ndio maana hatutakuambia "bidii inalipa" halafu tukuache hivyo. Harrison alikuwa na bidii hata alipokuwa anafutwa. Vyuma alikuwa ananyanyua. Simu iliyomrudisha ilikuja kwa sababu ya mkono wa mtu mwingine, na hiyo huwezi kuipanga. Alichoweza kupanga ni kile kitabu. Simu ya mwisho ilimkuta amekisoma, na zile za mwanzo zilimkuta hajakisoma.

Kwa hivyo swali letu kwako leo: kwa hiyo kazi unayoitafuta, kitabu chake ni kipi, na umefika ukurasa gani?