Vali, Kidhibiti na Koki: Istilahi za Jiko la Gesi na Dalili za Kifaa Kibovu

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Miongoni mwa nishati zinazohusika imo gesi ya mitungi. Katika vijiji vilivyo karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, kama vile Kakola na Bugarama, na katika miji ya Kahama na Geita, mtungi wa gesi umeingia katika nyumba zilizozoea kuni na mkaa. Pamoja na mtungi yameingia maelezo ya matumizi, na kazi ya kuyafasiri, kuyafundisha na kuyabandika katika mbao za matangazo ni ya wasomaji wa jarida hili.

Katika makala haya twakusudia kueleza namna ya kutambua kifaa cha gesi kinachohitaji kubadilishwa, na kuonyesha jinsi istilahi isiyo na mipaka inavyoweza kumpotosha mtu katika utambuzi huo.

Neno moja, vifaa vitatu

Katika jiko la gesi la kawaida kuna mahali patatu ambapo mwendo wa gesi huongozwa. Pa kwanza ni juu ya mtungi, penye kifaa cha shaba nyeupe au ya manjano kilichokazwa kiwandani. Pa pili ni kwenye kile kifaa kinachopachikwa juu ya mtungi na kuunganishwa na mpira. Hicho hupunguza msukumo mkubwa wa gesi iliyomo mtungini hadi kufikia kiasi cha milibari 30 hivi, ambacho jiko la nyumbani laweza kukipokea. Pa tatu ni kwenye jiko lenyewe, penye kile kinachozungushwa ili kuongeza au kupunguza moto.

Katika mazungumzo, vyote vitatu huweza kuitwa koki. Fundi wa pampu za maji au wa kompresa katika machimbo madogo amezoea kukiita koki kila kitu kinachofungua na kufunga, wala hana kosa. Lakini tufikirie agizo hili: "Gesi ikivuja, badilisha koki." Msomaji mmoja atakwenda dukani kununua kitufe cha jiko. Mwingine atachukua spana na kukifungua kifaa kilicho juu ya mtungi uliojaa. Gesi yote itatoka kwa nguvu, na cheche moja yatosha kuteketeza nyumba. Agizo ni lile lile, nalo halina kosa la sarufi. Kasoro yake ni istilahi.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao:

1. Vali ya mtungi: kifaa kilichokazwa juu ya mtungi. Ni sehemu ya mtungi, wala mtumiaji haruhusiwi kukifungua.
2. Kidhibiti: kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi kabla haijaingia katika mpira. Madukani huitwa regyuleta. Mtumiaji aweza kukinunua na kukibadilisha.
3. Koki ya jiko: kifaa cha jikoni cha kuwashia, kuongezea na kuzimia moto. Hubadilishwa na fundi.
4. Kiwambo: utando wa mpira ulio ndani ya kidhibiti, unaopanda na kushuka kwa kadiri ya msukumo. Neno hili lina asili katika kitenzi wamba, nalo linaeleweka kwa yeyote aliyeona ngozi ya ngoma.
5. Mpira wa gesi: bomba laini linalounganisha kidhibiti na jiko.

Kuhusu neno msukumo, yatupasa kueleza. Wanafunzi wa fizikia wanalo neno kanieneo, nalo ni sahihi katika kitabu cha sayansi. Katika karatasi inayobandikwa dukani Kakola, msukumo wa gesi humfikia msomaji upesi zaidi. Istilahi huchaguliwa kwa kumtazama atakayeitumia.

Dalili zenyewe

Kipimo cha kwanza cha kuvuja ni povu la sabuni. Mtumiaji hupaka povu kwenye viungo vyote, akafungua gesi bila kuwasha moto. Mapovu yakifura mahali, hapo pana tundu. Kamwe asitumie kiberiti. Harufu nayo ni onyo, kwa kuwa gesi hii kwa asili haina harufu, bali hutiwa dawa yenye uvundo ili watu waitambue.

Kidhibiti kinahitaji kubadilishwa iwapo hakishiki imara juu ya vali, iwapo mapovu yanatoka katika tundu lake dogo la hewa, ishara kwamba kiwambo kimepasuka, au iwapo moto wa vichomeo vyote unarukaruka na kupanda bila koki kuguswa. Umri pia ni dalili: watengenezaji wengi hushauri kisizidi miaka 10.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Moto wa manjano wenye masizi mara nyingi hutokana na vichomeo vilivyoziba, na moto hafifu huenda ni mtungi unaokaribia kwisha. Afadhali maelezo yaseme "huenda" panapostahili, kuliko kumtia mtu gharama isiyo na sababu.

Vali ya mtungi ina hitilafu iwapo inatoa mapovu hata baada ya kidhibiti kuondolewa, iwapo imepinda, au iwapo haifungi. Tiba yake ni moja: mtungi urudishwe kwa wakala. Kwa hiyo kitenzi badilisha kitumike kwa kidhibiti na mpira, na kitenzi rudisha kitumike kwa mtungi wenye vali mbovu. Vitenzi hivi viwili visichanganywe.

Karatasi zitokazo ng'ambo

Maelezo mengi hutungwa katika nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa joto kwa tanuri la gesi iletwayo kwa mabomba. Humo mtu huambiwa afunge vali kuu ya nyumba. Mpishi wa Bugarama hana vali hiyo. Vali yake kuu iko juu ya mtungi, au hufungwa kwa swichi ya kidhibiti. Tena, jiko linalokazwa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo, kama ule wa kilo 6, kwa kawaida halina kidhibiti, na aya yote inayohusu kidhibiti haimfai mwenye jiko hilo.

Jina gesi nalo lahitaji kivumishi. Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu. Gesi ya mitungi, ambayo ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa; hushuka na kutuama sakafuni. Ndiyo maana maelezo yetu yaseme mlango ufunguliwe pamoja na madirisha, moto wote uzimwe, swichi ya umeme isiguswe, watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe kwa namba 114.

Twawaomba wafasiri, kabla ya kuipitisha karatasi yoyote ya aina hii, waisome mbele ya mtungi halisi, huku wakigusa kila kifaa kinapotajwa. Neno litakaloelekea kwenye vifaa viwili lirudishwe kwenye meza ya kazi. Walimu na watumishi wa Msalala, Kahama na Geita wenye majina mengine yaliyozoeleka katika sehemu zao watuletee, ili yapimwe pamoja na haya tuliyoyapendekeza.