Hadithi za Kinjozi na Ushuhuda wa Kuzimu

Wako wazazi wanaomletea mchungaji kitabu walichokikuta mkononi mwa mtoto, chenye majini na wafu wanaosema, nao huuliza kama kichomwe moto. Swali hili si la mijini peke yake. Laweza kuulizwa Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma, sawasawa na Dar es Salaam, kwa maana filamu na simu zimefikisha visa vya namna hiyo hata mahali pasipo duka la vitabu. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya hadithi za kinjozi, yaani fantasia, na kuonyesha kwa nini mtumishi asizichanganye na jambo jingine linalofanana nazo kwa sura tu.

Fantasia ni ngeni kwetu kwa jina, si kwa mwili. Fanani anapoita "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", pande zote mbili zimekwisha kupatana: yatakayofuata ni ya kubuni, na hakuna atakayemshtaki sungura kesho. Wamisionari waliutambua utajiri huo. Askofu Edward Steere alichapisha ngano za Unguja mwaka 1870, na Bruno Gutmann, Mlutheri wa Misioni ya Leipzig, akatoa kitabu kikubwa cha masimulizi ya Wachaga mwaka 1914.

Aliyeyaingiza hayo katika riwaya ya Kiswahili ni Shaaban Robert. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Kitabu hicho kiliandikwa chini ya serikali ya kikoloni. Nchi isiyokuwapo ilimwezesha mwandishi kuisema ile iliyokuwapo.

Baadaye uhalisia ulitawala kwa muda, hasa miaka ya Azimio. Kisha Euphrase Kezilahabi, aliyesoma katika seminari ya Kikatoliki, akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vigumu, na vinavyoniudhi mahali pengine, lakini ambavyo mwanafunzi wa theolojia asivipite. Zikafuata Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999), inayohoji habari za Mungu na kifo hadi ahera, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002). Ulaya nako mambo yalikwenda vivyo hivyo: George MacDonald, aliyepata kuwa mchungaji, alitoa Phantastes mwaka 1858, na C. S. Lewis, aliyemhesabu kuwa mwalimu wake, akaandika vitabu vya Narnia kati ya 1950 na 1956. Vitabu vya Harry Potter vilipoanza kutoka mwaka 1997, wako Wakristo wa Marekani waliodai viondolewe mashuleni.

Sisi Walutheri tuna sababu ya kutokuwa wepesi wa kuchoma. Mwaka 1530, akiwa Coburg, Luther alishika kazi ya kutafsiri hekaya za Aesop, akizihesabu kuwa na hekima ya kufaa watoto na watawala. Tena Waamuzi 9 yatuonyesha Yothamu akisimulia juu ya miti iliyotafuta mfalme; hakuna mfafanuzi anayemwita mwongo.

Hatari iko kwingine. Tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita zimeenea kaseti, vitabu, na sasa video za watu wanaodai kuwa waliishi kuzimu au chini ya bahari, wakaona huko nani anatumikia giza. Visa hivyo vina majini yaleyale, lakini "Paukwa" imeondolewa. Msimulizi anataka asadikiwe, na mara nyingine anaelekeza kidole kwa bibi kizee jirani mwenye macho mekundu. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino ya miaka ya 2007 na 2008, watoto waliokuwa wakiwindwa kwa sababu ya masimulizi juu ya viungo vyao walikimbilia shule ya Kabanga, wilayani Kasulu. Masimulizi hayo hayakuanza na "hapo zamani za kale". Yalisemwa kama habari ya kweli, yenye bei. Luther mwenyewe, tukiri, hakuwa huru na imani ya wachawi. Katika hilo hatumfuati.

Kwa hiyo mzazi yule na aulizwe kwanza: je, mtoto anajua kuwa kisa hiki kimebuniwa? Akijua, wasome pamoja. Lakini mtu akiomba mimbari atoe ushuhuda wa kuzimu, mchungaji amsikilize kwanza faraghani, na asimruhusu kumtaja mtu ye yote. Katika darasa la Kipaimara, saa moja yatosha kuweka Waamuzi 9 kando ya Kusadikika na kuwauliza vijana Karama angeshtakiwa nini leo kijijini kwao.