Maji ya Kipalapala hayafiki nyuzi 100: Mzazi, msaidie mwanao asipike data

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, inafahamika zaidi kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo na kwa vitabu vilivyochapwa hapo kwa miaka mingi. Lakini kwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza anayeanza maabara ya fizikia, eneo hilo lina jambo jingine la kumfundisha. Akichemsha maji hapo na kutumbukiza kipimajoto, namba itagota kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi. Hata aongeze mkaa, haitapanda kufika 100.

Kipimajoto hakijaharibika. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar es Salaam au Tanga. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa inayoyakandamiza. Hewa ikikandamiza kidogo, maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, joto la kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja.

Kitabu alichosoma sekondari, hata hivyo, kilimwambia 100. Mwanafunzi ana 96 mbele ya macho, 100 kichwani, na ripoti inatakiwa kesho asubuhi. Wapo wanaoandika 96 na kuuliza kwa nini. Wapo wanaoandika 100 na kwenda kulala. Vyuoni jambo hilo la pili lina jina lake: kupika data.

Wanachofanya huko maabara

Wazazi wengi wanajua mhadhara ni nini na mtihani ni nini. Maabara huwachanganya. Mtoto anasema ametumia saa tatu kupima urefu wa uzi, na mzazi aliyeuza mahindi kulipa ada anajiuliza kama hiyo ni elimu ya chuo.

Ni kweli kwamba majibu ya majaribio mengi ya mwaka wa kwanza yanajulikana tangu zamani. Mkufunzi hamtumi mwanao akagundue jipya. Anataka kuona amepimaje, amerudia mara ngapi, ameandika nini, na shaka katika kipimo chake ni kubwa kiasi gani. Ndiyo maana jibu la maabara haliishii kwenye namba moja. Huandikwa, kwa mfano, sentimita 25.3, ikiweza kuzidi au kupungua kwa 0.1.

Chukua jaribio la kamba na jiwe linalobembea, ambalo hutumika kukokotoa nguvu ya mvutano wa dunia. Kamba ya mita moja huchukua karibu sekunde mbili kwenda na kurudi. Anayepima mbembeo mmoja tu, kidole kikachelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, atapata 8.1 badala ya 9.8. Anayehesabu mibembeo 20 mfululizo na kuchelewa vilevile, kosa lake litagawanywa kwa 20, naye atapata 9.7. Kidole ni kilekile na saa ni ileile. Kilichobadilika ni utaratibu, na utaratibu huo ndio ada inayolipiwa.

Kipimajoto kwenye njia ya misafara

Tabora ina historia yake katika jambo hili. Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kilichokuwa katika eneo la Tabora ya leo. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita hapo kabla ya kuelekea Ujiji. Wakati huo, msafiri aliyetaka kujua urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari alichemsha maji, akasoma kipimajoto, kisha akapiga hesabu kinyumenyume.

Kwa njia hiyo waliliweka Ziwa Tanganyika kwenye futi 1,850 hivi, sawa na mita 560. Leo tunajua lipo karibu mita 770. Walikosea kwa mita 200. Mwaka uliofuata Speke alitoka Kazeh, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, wakafika kusini mwa ziwa ambalo baadaye lilijulikana kama Victoria. Alipata futi 3,740, karibu mita 1,140. Kipimo cha leo ni mita 1,134 hivi.

Njia ni ileile, na jibu moja lilipotoka sana huku jingine likikaribia kabisa. Kosa la mita 200 linatokana na chini ya nyuzi moja kwenye kipimajoto. Speke mwenyewe hakuwa na namna ya kujua lipi kati ya majibu yake lilikuwa bora. Waliokuja baadaye waliweza kuyasahihisha kwa sababu namba ziliandikwa zilivyosomwa, pamoja na njia iliyotumika.

Mtanzania aliyeandika alichokiona

Mfano wa karibu zaidi ni wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, ambako wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Siku moja aliyaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, aliuliza tena akachekwa.

Dk Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza swali lilelile. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini akaahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu sahihi. Kishawishi cha kupika data kinaweza kumfikia hata mtu mzima mwenye nia njema.

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na jambo hilo linaitwa Athari ya Mpemba duniani kote. Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016, watafiti wawili wa Uingereza walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kubadilisha jibu. Hilo halimwondolei Mpemba heshima yake. Aliripoti alichokiona na akakubali kipimwe upya.

Inahusianaje na afya ya familia yako

Wengi wa wanaopita maabara ya fizikia hawatakuwa wanafizikia. Watakuwa walimu, wauguzi, wafamasia na mafundi wa vifaa tiba. Ile nyuzi pungufu ya moja iliyoshusha Ziwa Tanganyika kwa mita 200 ndiyo inayotenganisha mtoto mwenye joto la kawaida na mwenye homa. Dawa mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa uzito: kwa vidonge vya kawaida vya watoto, mwenye kilo 14 hupata kimoja kwa kila dozi na mwenye kilo 15 hupata viwili. Mhudumu aliyezoea kukisia namba chuoni anaweza kukisia na wodini.

Na je, maji ya kunywa yanayochemka kwa nyuzi 96 ni salama? Ndiyo. Vijidudu vinavyoleta kuhara hufa kabla ya joto hilo. Acha maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Kwenye miinuko inayozidi mita 2,000, inashauriwa yatokote kwa dakika tatu. Maharage yakichelewa kidogo kuiva Tabora kuliko pwani, sababu mojawapo ni hiyohiyo.

Mzazi ufanye nini

Mwanao akipiga simu, kabla ya kuuliza amepata ngapi, muulize: “Mlipima nini wiki hii? Mlipata mlichotarajia?” Akisema hapana, usimgombeze. Muulize anadhani ni kwa nini. Kipimo kisicholingana na kitabu, kikiwa na maelezo mazuri, kinaweza kumpa alama nzuri kuliko namba safi isiyo na maelezo.

Mnunulie daftari la maabara lenye kurasa zilizoshonwa, na mhimize aandike kwa kalamu ya wino hapohapo mezani. Akikosea, akate kwa mstari mmoja ili namba ya zamani ibaki ikisomeka. Karatasi za grafu na kikokotoo cha kisayansi ni mahitaji ya kweli, na viatu vilivyofunika miguu pia. Ripoti ya kununua kwa mwanafunzi wa mwaka wa juu si mojawapo. Akikubainishia kwamba kundi lake hunakili, mshauri amwone mkufunzi au fundi wa maabara mapema, kabla ya mtihani wa vitendo, maana hapo atasimama peke yake mbele ya kifaa.

Kwa walio bado shule, nyumbani panatosha kuanzia. Funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, litundike, na mwambie mtoto ahesabu mibembeo 20 kwa saa ya simu yako. Arudie mara tatu, aandike namba zote tatu hata zisipofanana. Kisha mwache yeye akueleze kwa nini hazikufanana.